Kuhamia Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tozo ya afya, bima na faili lako la hospitali

Kila ifikapo Julai simu yangu haitulii. Ni msimu wa barua za vyuo na mikataba ya kazi, na ndugu na marafiki wa Dar es Salaam, Arusha, Mombasa na Nairobi wanaojiandaa kwenda Uingereza wanataka kujua koti gani linafaa, chumba kinapangishwaje, unga wa ugali unapatikana wapi. Mambo ya afya huulizwa mwishoni, mara nyingine usiku wa kuamkia safari, wakati ofisi ya kumbukumbu za hospitali imeshafungwa. Yafuatayo ndiyo maswali ninayoyapata zaidi, na nimeyajibu kama ninavyomjibu mdogo wangu. Yanamhusu hasa anayetoka Tanzania au Kenya kwenda kukaa Uingereza kwa zaidi ya miezi sita.

Je, lazima nikate bima ya afya kabla ya kuondoka?

Kwa viza ya masomo, kazi au familia inayozidi miezi sita, huhitaji bima ya kampuni. Unalipa tozo ya afya ya wahamiaji, ambayo wengi wanaiita kwa herufi zake tu, IHS, wakati unapoomba viza. Ukishailipa na viza ikatoka, unatibiwa na NHS, huduma ya afya ya taifa hilo, karibu sawa na mwenyeji: daktari wa mtaa, vipimo, kulazwa, upasuaji, kujifungua. Hakuna kadi ya bima ya kuonyesha dirishani, wala hutashikiliwa wodini kwa sababu ya bili.

Wakala akikuambia kwamba bima anayoiuza ni sharti la viza ya mwanafunzi wa mwaka mzima, mwombe akuonyeshe sharti hilo limeandikwa wapi. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo NHS hailigusi kabisa, nalo ni kusafirisha maiti kurudi nyumbani. Tunalijua vizuri, kwa kuwa kila msiba unapotokea ugenini tunachangishana kwenye makundi ya WhatsApp, na familia inasubiri wiki nzima. Kama una fedha ya bima yoyote, tafuta inayogharamia hilo.

Anayekwenda kwa kozi ya miezi sita au chini ya hapo halipi tozo akiomba viza akiwa nje ya Uingereza, na kwa hiyo anahesabiwa kama mgeni wa matembezi. Huyo ndiye mwenye haja ya bima kweli kweli.

Tozo yenyewe ni kiasi gani?

Kwa viwango vilivyoanza 6 Februari 2024, mtu mzima hulipa pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza. Mwanafunzi, wategemezi wake na mtoto aliye chini ya miaka 18 hulipa pauni 776 kwa mwaka. Ilipoanzishwa mwaka 2015 ilikuwa pauni 200 kwa mtu mzima, kwa hiyo usitegemee hesabu aliyokupa mtu aliyehama zamani.

Kinachowashtua watu ni kwamba inalipwa yote kwa mpigo, kwa miaka yote ya viza. Tuchukue mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya miezi 12. Viza yake huanza hadi mwezi mmoja kabla ya masomo na huisha miezi minne baada ya masomo, yaani kama miezi 17. Kipande cha mwaka kisichozidi miezi sita huhesabiwa kuwa nusu mwaka, kwa hiyo analipa mwaka mmoja na nusu: pauni 1,164. Sasa chukua mhandisi aliyepata kazi ya miaka mitatu, anakwenda na mke na watoto wawili. Watu wazima wawili ni pauni 6,210, watoto wawili ni 4,656, jumla pauni 10,866. Hapo hujagusa ada ya viza wala tiketi. Muulize mwajiri mapema kama atachangia, kabla hujasaini mkataba, kwa kuwa ukishasaini huna tena nguvu ya kumwomba.

Malipo hufanywa kwa kadi, mtandaoni, kwa mkupuo mmoja. Nenda benki siku chache kabla, ulizia kikomo cha matumizi ya kadi yako kwa siku na bei wanayobadilishia fedha za kigeni. Nimeona maombi ya viza yakikwama kwa kitu kidogo kama hicho.

Nikinyimwa viza, fedha zangu zinarudi?

Zinarudi, kwenye kadi ile ile iliyolipia. Ndiyo maana nakusihi usilipie kwa kadi ya wakala au ya mtu usiyemjua vizuri. Ukipewa viza fupi kuliko uliyoomba, unarudishiwa sehemu. Lakini ukipewa viza kisha usisafiri, au ukarudi nyumbani kabla ya muda, hakuna kinachorudi.

Nimesikia wauguzi na madaktari hawalipi. Ni kweli?

Ni kweli kwa wenye viza ya Wafanyakazi wa Afya na Matunzo, pamoja na wategemezi wao. Tahadhari moja: kuajiri walezi wa wazee moja kwa moja kutoka nje ya nchi kulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Mtu akikuuzia leo nafasi ya ulezi ukiwa bado Dar au Nairobi, mkimbie.

Muuguzi mwenzangu, kabla hujafungasha, kusanya ushahidi wa chanjo yako ya homa ya ini B pamoja na kipimo cha kinga baada ya chanjo, na rekodi za surua, rubela na tetekuwanga. Kitengo cha afya kazini kitaviuliza kabla ya kukuruhusu kumgusa mgonjwa. Kovu la BCG begani nalo wataliangalia.

Kipimo cha kifua kikuu kikoje?

Anayetoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo kwenda kukaa zaidi ya miezi sita lazima awe na cheti cha kutokuwa na kifua kikuu. Hakikubaliki cha hospitali yoyote tu, hata iwe kubwa namna gani. Ni cha kituo kilichomo kwenye orodha ya serikali ya Uingereza. Nairobi na Dar es Salaam kazi hiyo imekuwa ikifanywa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM. Soma orodha hiyo kabla ya kupanga miadi.

Unapigwa picha ya kifua. Ikiwa safi, unapewa cheti kinachodumu miezi sita. Ikiwa na doa, unatoa makohozi, na kuyaotesha maabara kunaweza kuchukua hadi wiki nane. Hapa ndipo watu hukosa mwanzo wa muhula. Kama uliwahi kuugua kifua kikuu, hata kama ni miaka kumi iliyopita, nenda na kadi ya matibabu inayoonyesha ulimaliza dozi, na picha za zamani kama zipo. Kovu la zamani kwenye pafu huonekana, na daktari anapenda kujua limetoka wapi.

Mjamzito anaweza kupigwa picha akiwa amekingwa tumbo, kutoa makohozi badala yake, au kusubiri hadi ajifungue. Mtoto aliye chini ya miaka 11 kwa kawaida hapigwi picha. Daktari humkagua na kumuuliza mzazi.

Nichukue karatasi zipi hospitalini?

Hapa ndipo nataka utulie nami kidogo. Tozo inakupa haki ya kutibiwa, lakini hakuna mfumo unaobeba historia yako kutoka Muhimbili au Kenyatta hadi kwa daktari wa Leicester. Daktari atakukuta mtupu. Atakuuliza uliugua nini, lini, ukapewa nini, na majibu yako ndiyo faili.

Mimi nilifanyiwa upasuaji wa goita miaka kadhaa kabla ya kuhama. Nilibeba vyeti vya shule, vyeti vya ndoa, hata risiti za ada, nikaacha ripoti ya operesheni. Daktari wangu mpya aliuliza swali rahisi: walitoa tezi yote au nusu? Sikujua. Aliuliza tena: kinyama kilichopelekwa maabara kilionyesha nini? Sikujua. Dada yangu alienda masjala ya hospitali mara tatu ndani ya wiki tatu, na muda wote huo nilikuwa na hofu ambayo karatasi moja ingeiondoa. Tangu siku hiyo kila anayeniambia anahama namuuliza kuhusu faili lake kabla ya kumpongeza.

Anza na barua ya muhtasari kutoka kwa daktari anayekujua: magonjwa uliyonayo, tarehe yalipogundulika, dawa na dozi, mzio wako, na upasuaji uliowahi kufanyiwa. Iwe imechapwa, ina mhuri na jina la daktari linalosomeka. Karatasi hiyo moja ina thamani kuliko faili lenye kurasa mia za mwandiko usiosomeka.

Kisha chukua karatasi za matukio makubwa. Kwa kila kulazwa, muhtasari wa siku uliporuhusiwa. Kwa kila upasuaji, ripoti ya operesheni, na kama kitu kilitolewa mwilini, majibu ya maabara ya kinyama hicho. Mama aliyejifungua kwa kisu aombe maelezo ya aina ya mkato na sababu yake, maana mimba ijayo itaamuliwa kwa hayo. Mgonjwa wa moyo aliyehudumiwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete achukue ripoti ya eko na ya kipimo cha umeme wa moyo. Aliyetibiwa saratani Ocean Road achukue jina la dawa za dripu, idadi ya mizunguko, na kiasi cha mionzi aliyopigwa na sehemu ilipopigwa; mionzi hiyo ina kikomo cha maisha, na daktari mpya hawezi kuikisia. Picha za CT na MRI ziombe kwenye CD pamoja na ripoti yake iliyoandikwa.

Majibu ya kawaida ya damu ya miaka mitano iliyopita hayana kazi kubwa. Chukua ya karibuni tu, na kundi lako la damu.

Tanzania na Kenya karatasi nyingi huandikwa kwa Kiingereza, hivyo hutahitaji mfasiri. Ndugu zetu wa Bujumbura, Goma na Lubumbashi wenye karatasi za Kifaransa wafasiri angalau ile barua ya muhtasari. Piga nakala za kielektroniki, jitumie kwenye barua pepe yako, na nakala ngumu ziwe kwenye begi la mkononi. Begi kubwa linaweza kufika siku nne baada yako.

Hospitali inasema faili ni mali yake, haliwezi kutoka.

Faili halisi ndiyo, linabaki. Nakala ni jambo lingine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zote zinakupa haki ya kuzifikia taarifa zinazokuhusu. Sikushauri uingie masjala ukiitaja sheria kwa sauti ya juu. Andika barua ya heshima kwa mganga mkuu, taja namba ya faili, tarehe za matibabu na sababu kwamba unahama, omba muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na urudi siku waliyosema. Zipo hospitali zitakazotoza gharama ya kunakili. Lipa, chukua risiti.

Kama umeshaondoka, mwandikie ndugu yako barua ya idhini iliyosainiwa, ukiambatisha nakala ya pasipoti yako na ya kitambulisho chake. Bila barua hiyo masjala wana haki kabisa ya kumkatalia, na mimi ningewalaumu wasipomkatalia.

Jipe miezi mitatu. Hospitali zenye mfumo wa kompyuta huweza kutoa siku hiyo hiyo. Za mafaili ya karatasi zinahitaji muda wa kutafuta, hasa kama ulitibiwa zaidi ya miaka mitano iliyopita.

Kwenye faili nimeandikwa jina tofauti na la pasipoti. Ni tatizo?

Ni tatizo dogo linaloweza kukua. Wengi tuliandikishwa kliniki kwa jina la nyumbani, au kwa majina mawili wakati pasipoti ina matatu, au mama alipewa jina la mumewe. Mwombe daktari aandike kwenye barua ya muhtasari sentensi moja: mgonjwa anayejulikana hapa kwa jina fulani ndiye mwenye pasipoti namba fulani. Tarehe ya kuzaliwa irekebishwe pia kama ilikisiwa.

Kadi ya kliniki ya mtoto ina maana huko?

Ina maana kubwa, na usithubutu kuiacha kwa bibi. Tanzania ni kadi ya kliniki, Kenya ni kile kijitabu cha mama na mtoto. Inaonyesha BCG, polio, zile sindano za wiki ya 6, 10 na 14 zinazokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B na Hib, kisha surua na rubela. Bila kadi, muuguzi wa huko hulazimika kudhani mtoto hajachanjwa, naye ataanza upya.

Hata ukiwa nayo, tarajia nyongeza. Chanjo yetu ya surua na rubela haina matumbwitumbwi, na ya kwao inayo. Wao pia huchanja watoto wachanga dhidi ya homa ya uti wa mgongo ya aina ya B. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi hutolewa shuleni, kwa wasichana na wavulana, wakiwa na miaka 12 hadi 13. Hakuna chanjo inayolazimishwa ili mtoto aandikishwe shule, ila nakushauri uzikubali.

Kitabu cha njano cha homa ya manjano kihifadhi pamoja na pasipoti. Uingereza hawakiulizi. Utakiulizwa siku utakayorudi likizo ukipitia nchi jirani, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote.

Natumia dawa za presha na sukari kila siku. Nibebe kiasi gani?

Miezi mitatu inatosha kwa wengi, kwa kuwa miadi ya kwanza na daktari inaweza kuchukua wiki kadhaa. Ziwe kwenye pakiti zake zenye jina lako kutoka dirisha la dawa, pamoja na barua ya daktari, kwenye begi la mkononi. Insulini hasa isiende kwenye sehemu ya mizigo ya ndege, inaweza kuganda.

Barua itaje jina halisi la dawa badala ya jina la biashara. Amlodipini, losatani na metfomini zinajulikana kwa majina hayo Mwanza na Manchester. Jina la kopo la kiwanda fulani daktari wa huko anaweza asilijue kabisa. Na kama unakunywa dawa za asili pamoja nazo, mwambie daktari. Zipo zinazoshusha sukari kweli, na ukichanganya na vidonge bila yeye kujua, unaweza kuzimia.

Dawa za maumivu makali kama tramado, na za usingizi kama diazepamu, zinadhibitiwa. Uingereza unaruhusiwa kuingia na kiasi kilicho chini ya cha miezi mitatu ukiwa na barua. Kikifika cha miezi mitatu au zaidi unahitaji kibali. Anayetoka uwanjani Dubai kulala au kutembea awe mwangalifu zaidi, kwani tramado na kodeini ni dawa zinazodhibitiwa vikali Falme za Kiarabu.

Natumia ARV. Je, viza itakataliwa? Nitapata wapi dawa?

Uingereza haimpimi mtu VVU kwa ajili ya viza wala haimnyimi kwa sababu hiyo. Tangu Oktoba 2012 matibabu ya VVU England, sehemu moja kati ya nne za Uingereza, ni bure kwa kila mtu aliyeko nchini, bila kujali hali yake ya uhamiaji. Huhitaji hata kupitia kwa daktari wa mtaa: kliniki za VVU na za afya ya uzazi zinapokea mtu anayejileta mwenyewe, na hazipeleki taarifa zako chuoni wala kwa mwajiri.

Kutoka kliniki yako ya CTC, au CCC kwa Kenya, omba barua ya uhamisho yenye tarehe uliyoanza dawa, mchanganyiko unaotumia sasa na uliowahi kuutumia, na kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi. Omba dawa za miezi mitatu hadi sita. Wahudumu wa CTC wameshazoea ombi hili, usione haya kulisema. Kitu kimoja tu nakuomba: usikatishe dozi kwa kuogopa kuulizwa uwanja wa ndege.

Mtoto wangu ana selimundu.

Utakuta huduma nzuri, kwa sababu England hupima ugonjwa huu kwa kila mtoto anayezaliwa na ina vituo maalumu katika miji mikubwa. Beba majibu ya kipimo kilichothibitisha aina yake, dozi ya haidroksiurea kama anatumia, idadi ya mara alizoongezewa damu na kama damu iliwahi kumkataa, na kiwango chake cha kawaida cha hemoglobini. Hicho cha mwisho ni muhimu: daktari asiyemjua akiona 7.5 anaweza kukimbilia kumwongeza damu wakati kwa mtoto wako hiyo ndiyo hali ya kila siku.

Akipata maumivu makali nenda dharura, na ujue kwamba mwongozo wa kitaifa unataka apewe dawa ya maumivu ndani ya dakika 30 tangu kufika. Sema neno selimundu kwa Kiingereza, sickle cell, mlangoni, mapema, na uwakumbushe muda huo kwa upole kila unapopita. Wazazi wengi wetu hukaa kimya kwa adabu huku mtoto anaumia.

Nikifika, naanzia wapi?

Jiandikishe kwa GP, daktari wa mtaa, wiki ya kwanza, ukiwa mzima. Tumezoea kwenda hospitali moja kwa moja. Huko mlango ni GP, naye ndiye anayekupeleka kwa bingwa. Ukishasajiliwa unapata namba ya NHS yenye tarakimu kumi.

Mapokezi wakikudai uthibitisho wa anwani au wa viza, wajue, kama unavyojua wewe, kwamba England huhitaji hivyo ili kusajiliwa. Kuna kadi ndogo ya NHS inayosema hivyo ambayo unaweza kuwaonyesha. Mwombe daktari aingize barua yako ya muhtasari kwenye kumbukumbu zao siku ya kwanza. Na kama Kiingereza cha hospitali kinakupiga chenga, omba mkalimani wa Kiswahili. Ni bure. Usimtumie mtoto wako kutafsiri habari za mwili wako.

Dharura ya kutishia maisha piga 999. Ushauri wa wakati GP amefunga, 111. Famasia ya mtaani nayo, England, inaweza kutibu magonjwa saba madogo bila daktari, yakiwemo maambukizi ya mkojo kwa wanawake na maumivu ya koo. Ila antibayotiki ya kununua tu dukani kama tulivyozoea hutaipata.

Dawa nitalipia?

Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini hulipi. England ni pauni 9.90 kwa kila aina ya dawa kwenye cheti, kiwango kilichoanza Mei 2024. Wenye umri chini ya miaka 16, wajawazito hadi mwaka mmoja baada ya kujifungua, na wenye magonjwa fulani, ikiwemo kisukari cha kutumia dawa, kifafa na upungufu wa homoni ya tezi, hawalipi kabisa. Mimi nililipa miezi minane kabla ya mfamasia kuniuliza kwa nini sina cheti cha msamaha. Selimundu haimo kwenye orodha hiyo, jambo linaloniuma, na mtu mzima mwenye ugonjwa huo analipa. Anayetumia dawa nyingi anunue cheti cha malipo ya mwaka, pauni 114.50, kuanzia dawa ya 12 kwa mwaka umeshakirudisha.

Mama yangu anakuja kunisaidia kulea mtoto kwa miezi mitatu. Tozo yangu inamhusu?

Haimhusu. Yeye ni mgeni wa matembezi, na akilazwa anatozwa asilimia 150 ya gharama ya NHS. Kuhudumiwa kitengo cha dharura ni bure kwa kila mtu, lakini akishapandishwa wodini hesabu inaanza. Kifua kikuu, malaria na baadhi ya magonjwa mengine ya kuambukiza hutibiwa bure. Deni la pauni 500 au zaidi lisilolipwa linaweza kumnyima viza siku nyingine. Mkatie bima ya safari kabla hajapanda ndege, na utaje presha yake kwenye fomu hata kama bei itapanda. Bima iliyofichwa ugonjwa hailipi.

Bima yangu ya nyumbani niiache?

Kadi ya NHIF ya Tanzania au usajili wa SHA wa Kenya havitibu Uingereza. Swali kubwa ni nani mwingine amejiegemeza kwenye kadi hiyo. Mtumishi wa umma Tanzania anakatia mwenza na wategemezi hadi wanne, na wengi wameandikisha wazazi. Ukiacha kazi ya ualimu ukaenda kusoma, michango inakoma na baba anaenda hospitali siku moja akaambiwa kadi haisomi. Kabla ya barua ya kuacha kazi, ulizia kama likizo ya masomo yenye mshahara inawezekana; kama haiwezekani, watafutie wazazi kifurushi chao na ukilipe kabla cha kwanza hakijakatika.

Kenya, SHA ilichukua nafasi ya NHIF ya huko tarehe 1 Oktoba 2024. Wazazi hujisajili kama kaya yao wenyewe. Wasioajiriwa hukadiriwa kwa uwezo wa kaya, kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi na hulipwa kwa mwaka mzima. Wasajili ukiwa bado upo, uwasaidie alama za vidole na simu.

Malaria si imebaki nyumbani?

Vimelea vinaweza kusafiri nawe. Ukipata homa wiki au hata miezi baada ya kufika, sema waziwazi: nimetoka nchi yenye malaria, naomba nipimwe. Daktari wa huko huwaza mafua kwanza.

Hatari kubwa zaidi ni ya kurudi likizo. Kinga tuliyoijenga kwa kuumwa na mbu tangu utotoni hupungua ukikaa mbali, na watoto waliozaliwa huko hawana kinga yoyote. Muone mfamasia kabla ya safari kwa dawa za kujikinga, utazinunua kwa fedha yako, na uzinywe hadi mwisho hata baada ya kurudi. Shangazi atasema umekuwa Mzungu. Mpe pole, umeze kidonge.

Mimi naenda Oman, au Ujerumani. Haya yananihusu?

Sehemu ya karatasi za hospitali inakuhusu yote. Ya malipo haikuhusu. Ghuba unapimwa kabla ya kuondoka kupitia mfumo wa Wafid, ambao wengi bado wanauita GAMCA, na VVU, homa ya ini au kifua kikuu huweza kukuzuia kabisa, kwa hiyo jipime mwenyewe kwanza kabla ya kumlipa wakala. Ujerumani bima ni lazima kisheria kwa kila mkazi, na utaombwa uthibitisho wake tangu kwenye viza.

Na siku nikirudi nyumbani moja kwa moja?

Omba nakala ya kumbukumbu zako zote kwa GP kabla ya kurudisha funguo za nyumba. Ni haki yako, ni bure, na wana mwezi mmoja wa kukupa. Mtoto aliyechanjwa huko aondoke na orodha ya chanjo zake. Na ile barua ya muhtasari uliyokuja nayo, mwombe daktari akuandikie nyingine, mpya, ya kumpelekea daktari utakayemkuta nyumbani.